Shajara ya mradi: chokoleti bila maziwa wala ngano katika joto la Dar

1 Februari

Mradi huu unamhusu binti wa dada yangu, mwanafunzi wa darasa la tano mwenye ugonjwa wa siliaki. Akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga ya mwili wake inageuka na kuushambulia utumbo wake mwembamba, na chakula kinapita bila kumjenga. Dawa yake haipo. Tiba ni kuziacha nafaka hizo maisha yote. Zaidi ya hapo, nyumba ya dada ni ya Wasabato walioacha kila kitokacho kwa mnyama: nyama, samaki, maziwa, mayai, hata asali. Chokoleti zinazogawiwa darasani siku za kuzaliwa zinamkataa mtoto kwa pande zote mbili, naye amejifunza kusema "asante, nimeshiba". Sitaki alizoee jibu hilo.

Nimesoma makaratasi ya zile anazozitamani. Twix ina unga wa ngano na maziwa. Mars haina biskuti ndani, lakini ina kimea cha shayiri. Snickers ina maziwa na ute wa yai. Bounty moyo wake ni nazi, ila ganda lake ni chokoleti ya maziwa. Na zote nne, karibu nusu ya uzito ni sukari. Mars inapita nusu.

Nimechagua tatu: Snickers, Bounty na Twix. Kila moja isiwe na kitu cha mnyama wala gluteni, sukari ipungue kwa kiasi kinachoonekana kwenye mizani na siyo kwa maneno tu, vitu vyote vipatikane hapa Dar, na ivumilie ndani ya begi la shule kuanzia asubuhi hadi mapumziko ya saa nne. Sharti hili la mwisho ndilo litakalonisumbua, maana tumo kwenye joto la kaskazi.

4 Februari

Mapishi mengi ya aina hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na karibu yote yamesimama juu ya kitu kimoja: mafuta ya nazi. Unayayeyusha, unachanganya na unga wa kokoa na shira, unachovya, unaweka kwenye friji, chokoleti tayari. Kwao inawezekana. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na majiko yao ni baridi kuliko hapo. Jikoni kwangu leo saa nane mchana kipimajoto kimesoma 32. Chupa yangu ya mafuta ya nazi hukaa kabatini kama maji mwezi mzima.

Nimeitengeneza hata hivyo, ili niwe na cha kulinganishia. Imetoka kwenye friji inang'aa, ikakatika vizuri. Dakika kumi mezani, ganda lote lilikuwa limetiririka sahanini na moyo wa nazi umebaki uchi.

Kinachohitajika ni mafuta ya mmea yanayobaki magumu kwenye joto letu na bado yakayeyuka mdomoni. Hayo ni mafuta ya mbegu ya kokoa yenyewe, ambayo yakigandishwa sawasawa huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili. Nafasi tuliyo nayo ni nyembamba, nyuzi mbili tatu tu kati ya jikoni kwangu na kuyeyuka. Wala haifai kuyachanganya na mafuta ya nazi ili kubana matumizi. Aina hizo mbili haziendani zinapoganda, na mchanganyiko wake huwa laini kuliko mafuta ya kokoa peke yake. Uamuzi wa leo: mafuta ya nazi hayaingii kwenye ganda la nje hata tone.

8 Februari

Nimeanza na Bounty, na nazi ya pili ilikuwa haijaisha kwenye mbuzi nilipoona kwamba ninachokitengeneza ni kashata iliyovaa chokoleti. Kashata ya nazi haina maziwa. Haina ngano. Haijawahi kuwa navyo. Kashata ya karanga vivyo hivyo, nayo ndiyo ndugu wa Snickers. Basi sina haja ya kuanza na chokoleti ya dukani na kuing'oa kitu kimoja kimoja. Naanza na kashata, nabadilisha kinachobidi. Hili limenituliza sana, kwa sababu mikono yangu inaijua kashata tangu utoto.

Kinachobidi ni sukari. Kashata ya kawaida sukari hukaribia uzito wa nazi, na haipo kwa utamu peke yake: shira ndiyo inayoshika, na ndiyo inayozuia nazi mbichi isichache. Ukiipunguza bila kuweka mwingine wa kufanya kazi hizo, unapata kitu kinachomong'onyoka leo na kunuka keshokutwa.

Kwa kuchacha, nimeiondoa nazi maji. Gramu 250 za nazi iliyokunwa nimezitandaza kwenye kikaango kipana, moto mdogo kabisa, nikageuza kwa mwiko hadi ikawa kavu na nyeupe bado. Ikianza kupata rangi ladha inahama, inakuwa ya nazi iliyokaangwa. Nzuri, ila siyo Bounty. Machicha yaliyokwisha kamuliwa hayafai, mafuta yameshaondoka na tui, yanabaki kama maranda.

Kwa kushika, nimechemsha kasimele ya nazi nyingine, kama kikombe kasoro, pamoja na gramu 50 tu za sukari na hiliki, mpaka ikawa nzito na mafuta yakaanza kujitenga pembeni ya sufuria. Hapo nikamimina nazi kavu, nikakanda na kushindilia kwenye treya iliyotandikwa karatasi ya kuokea. Baada ya saa tatu ilikatika vipande kumi na viwili bila kuvunjika.

Binti amekuja jioni na mama yake. Akala kipande kikavu, bila chokoleti. "Mama mdogo, hii ni kashata." Ndiyo, nikamwambia, na ina sukari robo ya ile unayoijua. Akaomba kingine.

15 Februari

Mjomba amefika na mfuko wa kokoa kavu kutoka Kyela. Nilimwagiza mwenyewe, kwa sababu chokoleti nyeusi nyingi za madukani, hata zile zisizo na maziwa kwenye orodha ya viungo, zina onyo chini kwamba huenda zikawa na chembe za maziwa au ngano. Zinapita kwenye mitambo ileile. Kwa mtoto mwenye siliaki onyo hilo si la kupuuza: kiwango cha kimataifa cha chakula kuitwa hakina gluteni ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo, na kiasi hicho ni kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona.

Kabla ya kuipokea niliuliza kama imevundikwa. Kokoa ikianikwa moja kwa moja kutoka kwenye tunda, bila kukaa siku tano au zaidi ikichachuka na utomvu wake, hukausha ulimi na uchungu wake hautoki kwa sukari yoyote. Hii imevundikwa vizuri. Ukipasua mbegu, ndani ni kahawia yenye nyufa, na harufu yake ina ukali mdogo wa siki.

Nimeoka kilo moja kwenye oveni, nyuzi 130, kama nusu saa, nikitikisa treya kila mara hadi maganda yakaanza kupasuka na nyumba nzima ikanukia. Nikaziponda kinuni kwa mapigo mepesi, kisha ungo. Kupepeta kokoa ni kazi ya furaha: ganda ni jepesi, kiini ni kizito, upepo wa barazani unamaliza mengine. Kilo ikanipa robo tatu ya kilo ya kiini.

Kusaga ndiko kugumu. Kiini cha kokoa nusu yake na zaidi ni mafuta, kwa hiyo kikisagwa hakiwi unga, kinakuwa uji. Blenda yangu ilifika hapo kwa kupumzishwa kila baada ya dakika mbili isiungue. Nikaweka gramu 350 za uji huo kwa gramu 150 za sukari iliyosagwa laini kabisa, nikaendelea kinuni kwa mchi wa moto. Ulimi wa mtu huhisi chembe zikizidi mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na vifaa vya nyumbani havishuki hapo. Viwanda vidogo hutumia mashine ya mawe inayozunguka siku nzima au zaidi. Yangu imebaki na mkwaruzo.

Nimeamua kuukubali mkwaruzo huo. Kule Modica, mji wa Sicilia nchini Italia, wanatengeneza chokoleti ambayo sukari yake huachwa na chembe kwa makusudi, na Umoja wa Ulaya uliipa jina lake ulinzi wa kisheria mwaka 2018. Ladha ya kokoa inafika mapema na kwa nguvu. Watakaotaka laini wanaweza kununua chokoleti nyeusi ya asilimia 70 waliyoihakiki wenyewe. Kila kitu kingine humu kitafanya kazi vilevile.

22 Februari

Kugandisha chokoleti. Hili nataka kuliandika kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililowavunja moyo watu wengi wa pwani ninaowajua, na wanadhani tatizo ni chokoleti yenyewe.

Mafuta ya kokoa yanaweza kuganda kwa namna sita tofauti. Namna za chini huyeyuka mapema, nyingine hata kabla ya joto la Dar. Namna ya tano ndiyo inayong'aa, inayokatika kwa mlio na kuvumilia hadi nyuzi 34. Ukiyeyusha chokoleti na kuiacha igande ovyo, unapata mchanganyiko wa zote, na ndiyo maana inakuwa laini, yenye mabaka ya kijivu.

Ninavyofanya: naiyeyusha juu ya sufuria ya maji ya moto, bakuli lisiguse maji, mpaka nyuzi 48. Naitoa, naongeza vipande vidogo vya chokoleti ambayo tayari imeganda vizuri, hivyo ndivyo mbegu zinazofundisha mafuta mengine yagande namna gani. Nakoroga huku bakuli likigusa maji yenye barafu kwa sekunde chache, natoa, nakoroga, hadi ishuke 28. Kisha naipandisha taratibu 31 au 32, na hapo nachovya. Tone moja la maji likiingia, chokoleti yote inakaza kama udongo, kwa hiyo bakuli na mikono viwe vikavu kabisa.

Jiko lenye nyuzi 32 halitaki kukusaidia hata kidogo, kwa sababu chokoleti haishuki yenyewe. Nimehamishia kazi alfajiri. Saa kumi na moja, feni imezimwa, jiko lilisoma 27, na kila kitu kikatii. Vipande vilivyochovywa viliganda vyenyewe juu ya karatasi kwa robo saa, nikavimalizia kwenye friji dakika kumi ndani ya kopo lenye mfuniko. Kopo halifunguliwi mpaka lirudi kwenye joto la nyumba. Ukilifungua baridi, hewa yetu yenye unyevu inatoa jasho juu ya chokoleti, sukari inayeyuka kwenye jasho hilo, na likikauka linaacha vumbi jeupe.

Bounty imekamilika. Inalia ikikatwa.

1 Machi

Snickers. Karibu na Kariakoo maduka yamejaa tende za Ramadhani, na bei inaruhusu kujaribu aina kadhaa. Kwa karameli, zile laini zenye ngozi nyembamba hazihitaji kulowekwa. Zile ngumu za kubanwa nazilaza kwenye mvuke wa chujio dakika kumi. Kuziloweka kunaingiza maji mengi mno, na maji ndiyo yanayoharibu kila kitu siku ya tatu.

Tende gramu 170, siagi ya karanga gramu 60, vijiko vitatu vya kasimele, chumvi ya kutosha. Chumvi isiwe ya woga. Bila hiyo ni tende iliyosagwa. Nayo ikiwepo, ulimi unasadiki kwamba ni karameli. Nilipika pia karameli ya sukari guru na tui, nikaipima kama tunavyopima kashata, tone ndani ya maji ya baridi, na ladha yake ni ya kina kuliko ya tende. Lakini sukari guru ni sukari. Rangi yake nzuri na madini yake machache haviibadilishi kazi yake mwilini. Nimeiacha kwa ajili ya sikukuu.

Karanga nimezichagua moja moja kwenye sinia kabla ya kuzikaanga. Zilizosinyaa, zenye ukungu au rangi isiyo yake zinatupwa. Sumukuvu haiondoki kwa kukaanga, na hatujasahau mwaka 2016 jinsi mahindi yenye sumu hiyo yalivyoua watu Dodoma na Manyara. Mtu akiniambia karanga ghali za kuchaguliwa hazina maana, kwa hili simsikilizi.

8 Machi

Ile tabaka nyeupe ya chini, nougat. Ya dukani ni ute wa yai uliopigwa na shira. Badala ya yai kuna maji ya dengu, yaani yale mazito yanayobaki ukichemsha dengu zinazosagwa unga wa bajia. Mwaka 2014 Mfaransa mmoja mwanamuziki, Joël Roessel, alionyesha kwamba maji hayo yakipigwa yanapanda povu kama ute wa yai, na tangu hapo wapishi wasiotumia mayai duniani kote wanayatumia. Yangu nimeyachemsha yakapungua theluthi, yakapoa kwenye friji, nikayapiga kwa mashine dakika kumi. Yalisimama vilele vyeupe kabisa. Nikamimina shira ya moto polepole, na nougat ikatoka nzuri ya kupendeza macho.

Ila ilihitaji gramu 200 za sukari ili isimame. Nimeiweka kando kwa sababu hiyo moja. Mradi ukisahau sukari, utakuwa umemtoa mtoto kwenye tatizo moja na kumkabidhi jingine.

Iliyobaki kwenye mapishi ni hii: korosho gramu 100, zile zilizovunjika ambazo ni nafuu na ladha ni ileile, zimesagwa hadi karibu kutoa mafuta, unga wa mtama mweupe gramu 80 uliokaangwa hadi unukie, maana haupikwi tena, tende gramu 80. Inakandika kwa mkono. Haina wepesi wa povu, inatafunika zaidi. Juu yake karameli, juu ya karameli gramu 120 za karanga zilizosukumwa zizame nusu, halafu usiku mmoja kwenye friji kabla ya kukata na kuchovya.

15 Machi

Kuhusu unga, kwa yeyote anayempikia mtu wa siliaki. Mtama, uwele, ulezi, mahindi, mchele na muhogo kwa asili havina gluteni. Mashine ya kusagia ya mtaani ndiyo inayoiingiza. Aliyetangulia kwenye foleni akisaga ngano, unga wako wa mtama unabeba yake. Mimi nanunua mtama mzima, naupekua kwenye ungo kuondoa punje za nafaka nyingine, nauosha, nauanika barazani juu ya kitambaa safi, nausaga kwa blenda na kuuchekecha mara mbili. Ungo, chekecheke na mwiko wa kazi hii vina alama ya utepe mwekundu na havigusi ngano kamwe. Oti ya kifungua kinywa, ambayo wengine huiita shayiri pia, naiacha, kwa sababu mara nyingi hulimwa na kusagwa pamoja na ngano.

Kwa Twix nilihitaji biskuti isiyo ya ngano yenye kumung'unyika. Mama mkwe, aliyelelewa Unguja, aliniuliza nini kinanisumbua, na nilipomweleza akasema tu, "Si upike vileja, mwanangu?" Vileja! Unga wa mchele, samli, sukari na hiliki. Biskuti ya sikukuu ya pwani nzima, na ngano haimo.

Samli nimeitoa. Mahali pake nimeweka siagi ya korosho na mafuta ya nazi nusu kwa nusu. Ndani ya biskuti iliyookwa mafuta ya nazi hayana madhara, wanga unayashikilia. Tatizo la vileja visivyo na samli ni kuvunjika. Dawa niliyoipata ni kupika kijiko kimoja cha unga wa muhogo na maji robo kikombe mpaka uwe uji mzito unaovutika, kuupoza, na kuukandia ndani ya unga wa mchele. Kisha donge lipumzike nusu saa. Mchele uliosagwa nyumbani hunywa maji taratibu, na usipoupa muda utausikia kama mchanga menoni. Nimekata vijiti, nikaoka nyuzi 160 hadi kingo zikapata rangi. Karameli ya tende juu, chokoleti mwisho.

Mama mkwe amesema hiliki iongezwe. Nimeongeza.

29 Machi

Masika yameingia, na hewa yenyewe ni maji. Vileja vilivyokuwa vikikatika kwa mlio vimelainika siku mbili tu kwenye kopo la plastiki. Karameli ya tende haijabadilika, ile ya sukari guru niliyoiweka pembeni inatokwa jasho. Vileja sasa natunza kwenye kopo la bati lenye kitambaa kidogo cha mchele mkavu uliokaangwa, na siviunganishi na karameli mpaka siku moja kabla ya kuliwa. Vile vilivyochovywa pande zote, chini pia, havikulainika kabisa. Kumbe ganda la chokoleti ni koti la mvua. Tangu leo hakuna kinachochovywa nusu.

12 Aprili

Begi la shule. Nimeweka vipande ndani ya kopo, kopo ndani ya begi, begi barazani kwenye kivuli kuanzia saa moja asubuhi. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Saa nne ganda lilikuwa limelainika, linaacha alama ya kidole, ingawa halijatiririka. Kwa Machi na Aprili inatosha. Kwa Februari haitatosha.

Nimekumbuka chokoleti ya jeshi la Marekani, ile iliyoitwa Ration D. Mwaka 1937 jeshi liliiomba kampuni ya Hershey chokoleti ya dharura isiyoyeyuka kwenye joto la vitani, na mojawapo ya mbinu zao ilikuwa kuichanganya na unga wa oti. Askari waliilalamikia kwa ugumu na uchungu, lakini ilibaki na umbo. Sababu yake inaeleweka: vitu vikavu vikiwa vingi, mafuta yakilainika bado kuna kiunzi kinachoyashikilia.

Kwa hiyo nimetia ndani ya chokoleti unga wa mtama uliokaangwa na kuchekechwa kwa kitambaa, gramu 10 kwa kila gramu 100. Chokoleti imekuwa nzito, kuchovya kunahitaji subira, na ganda linatoka nene kidogo. Ladha ina kitu cha bisi iliyoungua kidogo, ninaipenda. Barazani, saa ileile, ganda halikuacha alama mpaka nilipobonyeza kwa makusudi.

Toleo la pili, la miezi ya joto: chokoleti imeingia ndani, tabaka nyembamba kati ya karameli na karanga, na nje nimeviringisha kwenye ufuta uliokaangwa. Ikiyeyuka, imeyeyuka ndani, mikono na sare vinabaki safi. Dada amelipenda toleo hili kuliko yote, kwa sababu ndiye anayefua.

19 Aprili

Hesabu ya sukari kwa Snickers yangu, kipande cha gramu 50, kumi na sita kwa treya. Tende karibu theluthi mbili ya uzito wake ni sukari, basi gramu 250 zinatoa kama 160. Chokoleti gramu 150 ya asilimia 70 inaleta 45. Korosho na karanga zina kidogo chao. Kwa kipande kimoja inakuja gramu 13 hadi 14, ambayo ni kama nusu ya iliyomo kwenye ya dukani ya uzito huo. Pamoja na hiyo kuna nyuzinyuzi za tende na za mtama, na protini ya karanga.

Nguvu, yaani kalori, karibu hazijashuka: kama 220 kwa kipande, na ya dukani iko karibu na 240. Karanga, korosho na kokoa ni mafuta. Nayaandika haya kwa sababu nimeona vitu vya namna hii vikiuzwa kwa kuitwa "havina sukari" eti kwa kuwa vimetiwa tende. Vina sukari. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari za kuongezwa zisifike asilimia 10 ya nguvu ya siku, na ikiwezekana zisizidi asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Mtoto wa darasa la tano anapewa kipande kimoja, baada ya chakula, naye anapiga mswaki, maana tende hushika menoni kuliko sukari ya kawaida.

Bounty iko chini zaidi, kama gramu 9. Twix bado sijaridhika nayo. Vileja nataka vishuke sukari kidogo tena bila kupoteza mng'ato.

3 Mei

Alhamisi darasa lao lina sherehe. Nimepika treya mbili za Snickers, za kutosha watoto wote, ili binti agawe badala ya kukaa pembeni. Mwalimu amepiga simu jana: kuna mtoto mwingine anayedhurika na karanga, na hawezi hata kukaa karibu na mwenye kuzila.

Treya hizo zimebaki nyumbani. Leo nimeosha blenda, kinu, sinia na meza kwa maji ya moto na sabuni, nikaanza upya bila karanga. Korosho nayo nimeitoa, kwa sababu anayedhurika na karanga mara nyingine hudhurika na hizo pia. Mahali pa karanga nzima nimeweka mbegu za maboga zilizokaangwa kwa chumvi. Mahali pa siagi ya karanga na ya korosho, mbegu hizohizo zikiwa zimesagwa; karameli imepata rangi ya kijani isiyopendeza, lakini chini ya chokoleti haionekani. Ufuta nje nimeuacha mpaka nithibitishe na mama wa mtoto huyo, maana ufuta nao una watu wake unaowadhuru. Kwa sasa nimeandaa nazi kavu ya kuviringishia.

Binti amesaidia kushindilia na kukata. Amekula kipande cha pembeni na kusema mbegu za maboga ziongezwe chumvi. Jumatano alfajiri nachovya; nikipata jibu la ufuta kabla ya hapo, nusu ya treya itavaa ufuta.